Aliyetoka Chumbani

Auckland, 14 Juni 2004

Kaka Sosaia,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Hulita na wote wa nyumbani, na nguruwe wako pia, maana najua wasipoulizwa hali unanuna. Sisi wazima. Baridi imeingia na magoti yangu yananilalamikia kila asubuhi. Mwanangu Kitione ameacha kazi ya bandarini, amerudi nyumbani na mabegi yake yote, anakula chakula cha watu watatu na kusema anatafakari maisha. Kwaya wamenirudishia uongozi wa sauti ya pili baada ya ugomvi ambao sitauandika, kwa kuwa mchungaji wenu wa huko ni ndugu wa mkeo.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Unajua kazi yetu ofisini ni kuchagua watakaoingia chuo cha biashara. Tumepata mkuu mpya, Bi Rutledge. Siku yake ya kwanza alitandaza mezani picha za darasa la mwaka jana, akatuuliza tunaona nini. Tukajibu, wanafunzi. Akasema, "Mimi naona kijana mmoja aliyepigwa picha mara sitini." Na kweli, Kaka, wote wa benki, suti moja, kicheko kimoja. Ametutawanya tukatafute wauguzi, wakulima, wanajeshi, akina mama waliolea kwanza ndipo wakakumbuka kusoma, na watu wa visiwani. Kwa visiwa vyote kimetengwa kiti kimoja chenye ufadhili wa kila kitu. Kumtafuta wa kukikalia nimeachiwa mimi.

Namtaka Siale wako. Msichana anayepokea vanila ya wakulima wa kijiji kizima, akaikausha, akaiuza ng'ambo, na wakulima wakabaki wanasalimiana, huyo biashara anaijua. Anachokosa ni cheti. Usiniambie ana kazi nyingi. Mwambie shangazi yake amesema.

Dada yako,
Lesieli

—

Neiafu, Vava'u, 9 Julai 2004

Dada Lesieli,

Salamu zimefika, na nguruwe nao nimewasomea. Yule jike mwenye doa amezaa, kisha akamlalia mmoja, tukamzika Hulita akilia kana kwamba kafiwa na mtu. Vanila imeanza kuchumwa. Nyumba nzima inanukia, hata viazi vikuu vina ladha ya keki. Mchungaji anakusalimu na anasema ugomvi wa kwaya anaujua wote.

Kuhusu Siale. Kibanda cha kukaushia bila yeye sijui kitakuwaje. Mimi mikono yangu ni ya kuchimba, si ya kupangusa vanila mojamoja na kuizungusha juani kama mtoto mwenye homa. Lakini neno lako silipimi kwenye mizani. Tangu tukiwa wadogo, dada akisema imekwisha.

Fomu zenu amezijaza. Mahali palipoandikwa "tueleze habari zako" ameeleza habari za bibi yetu, kurasa tatu, kisha za mama yake, na mwisho amejitaja kwenye mstari mmoja kwamba yupo. Hulita akamwambia, "Mwanangu, wanakutaka wewe, sio ukoo." Akajibu, "Sasa bila hao mimi ni nani?" Ameituma hivyo hivyo.

Sijawahi kumwona akitamani kitu kama anavyotamani hiki. Hasemi, lakini ameanza kuimba akifanya kazi.

Sosaia

—

Auckland, 2 Septemba 2004

Kaka,

Nawasalimu haraka maana chai imekwisha na wananiita. Siale amepita mchujo wa kwanza! Zile kurasa tatu za bibi Bi Rutledge amezisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Usaili ni mwezi ujao na nauli wanalipa wao.

Atalala kwa Mama Fehi wa kanisani, si kwangu, kwa kuwa Kitione yupo nyumbani, na kwetu mtoto wa shangazi ni kaka. Vijana wa huku wanatucheka kwamba hadi leo kaka na dada hawalali chini ya paa moja, lakini nyumbani kwangu heshima haijapelekwa mnada.

Kwenye usaili mimi sitakuwemo. Anayetoka kwenye ukoo wa msailiwa haruhusiwi kukaribia, wala kuona majina yamepangwaje. Ndivyo inavyotakiwa, nami nimekubali.

Mwambie abebe sweta. Mwambie pia asinilete aibu kwa kuniletea mikeka mpaka ofisini, mmoja unatosha.

Lesieli

—

Auckland, 8 Novemba 2004

Kaka Sosaia,

Nakutakia afya njema, na Hulita, na nguruwe wote. Hapa tunamshukuru Mungu. Mvua imeacha. Kwaya inajiandaa kwa Krismasi na sauti ya kwanza bado wanaburura. Nimebadilisha mapazia ya sebuleni. Ule mkeka alioniletea Siale nimeutandika chumbani kwangu, kila anayeuona anausifu.

Nina habari ambayo si nzuri. Bila shaka Siale ameshawaeleza. Waliwaweka wasailiwa katika vikundi vya watu sita kuzunguka meza, wakawapa habari za kampuni fulani iliyokwama, wajadiliane namna ya kuinusuru huku jopo likiwasikiliza. Siale hakusema hata neno moja. Kisha akasimama akatoka, na hakurudi. Jopo wameandika kwamba ana akili lakini hana ujasiri wa kukaa mbele za watu. Nilisikitika sana. Mambo haya hutokea, ugeni ni kitu kizito, wala asijione wa kwanza.

Kiti cha visiwani kimepata mtu mwingine.

Nilisahau kukuandikia kwamba Kitione naye aliomba, dakika za mwisho kabisa, kwa mkono wake mwenyewe bila msaada wangu. Ndiye aliyekipata. Najua mtamfurahia.

Dada yako,
Lesieli

—

Neiafu, 3 Desemba 2004

Dada,

Tunakusalimu sote. Jua ni kali na vanila inakauka vizuri. Paa la jikoni limeanza kuvuja upande wa Hulita, upande wangu bado, kwa hiyo tunakula upande wangu.

Tulipopata habari za Kitione tulichinja yule jike mwenye doa. Mchungaji akaja akaomba. Mpwa wangu, wa kwanza katika ukoo kufika hapo, ningekosaje kufurahi? Siale ndiye aliyepika. Alipika vizuri, akawapakulia watu wote, kisha akarudi kibandani. Siku hizi haimbi.

Hapa wamempa jina. Wanamwita Bubu wa Auckland. Wanaume kwenye baraza la kava, tunapokunywa jioni, wananiuliza, "Sosaia, bintiyo ulimkata ulimi nini? Huku si anatupangia bei ya vanila wala hatuwezi kupumua?" Wanacheka, nami nacheka, halafu kava inakuwa chungu. Juzi wakulima wawili wamepeleka vanila yao kwa mnunuzi mwingine. Wanasema aliyewakimbia wazungu wa jopo atawaweza wanunuzi wa ng'ambo? Kitu alichokijenga kwa miaka mingi kinaanza kumvunjikia mikononi, na anakitazama tu.

Nilimuuliza mara moja tu kilichotokea. Akaniambia, "Baba, naomba usiniulize, maana sitaki kukudanganya." Kwa hiyo siulizi.

Mama Fehi alikuja kwa mazishi ya shemeji yake. Alikaa jikoni na Hulita muda mrefu. Baadaye Hulita akaja shambani kuniambia alichoambiwa. Alipofika kwenye jina la mwanao nilimwambia anyamaze, nikachukua jembe nikaenda kulima mahali ambapo nilikuwa nimekwisha kulima.

Wewe ni dada yangu. Yapo ambayo siwezi kuyatoa kinywani mbele yako.

Sosaia

—

Auckland, 4 Januari 2005

Kaka,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Hulita. Nimewatumia sanduku kwa meli, ndani mna nyama ya kopo, viatu vya Hulita, dawa ya magoti (nusu yako) na bati za kuziba paa. Krismasi ilikuwa njema. Sauti ya kwanza walikosea palepale nilipowaambia watakosea.

Barua yako nimekaa nayo wiki nzima. Naikunja, naifungua. Basi nitaandika, na wewe ukifika mahali huwezi kusoma, ruka.

Bi Rutledge hakuwa na nia mbaya. Alisema watu wa visiwani wakitawanywa kwenye vikundi watajihisi wapweke, afadhali wakae pamoja wapeane moyo. Akawaweka meza moja. Aliona huo ni wema. Siale alifungua mlango akamkuta Kitione amekaa. Alichukua kiti cha karibu na mlango akainamisha kichwa, kama ulivyomlea.

Hapo pengine angeweza kuvumilia. Lakini kampuni waliyopewa kuijadili ilikuwa inauza nguo za ndani za kike. Nimeona aibu hata kuandika. Zilikuwa na picha. Na wa kwanza kuzungumza alikuwa Kitione, akasimama ubaoni akaanza kueleza, sidiria hizi, chupi hizi, mbele ya dada yake. Ndipo Siale alipotoka. Bi Rutledge alisema, "Labda anaumwa," wakaendelea.

Haya yote Kitione alinisimulia jioni ileile, amefurahi, anakula. Nikamuuliza, "Na dada yako yumo ndani, we hukuona?" Akasema, "Nilimwona. Sasa ningefanyaje, Mama? Ningetoka mimi, kiti kingenisubiri nje?" Nikamwambia, "Ulipaswa kutoka kabla hajakaa." Akasema, "Hapa sio Vava'u." Kisha akaniomba nimwongeze majimbi.

Nami nikamwongeza. Asubuhi yake nilikwenda kazini nikapita mbele ya mlango wa Bi Rutledge, na ulikuwa wazi, naye alikuwa peke yake. Maneno niliyotakiwa kumwambia yalikuwa machache tu. "Hakuogopa, alikuwa anamheshimu kaka yake." Nikaenda nikachemsha maji ya chai.

Kaka, nilimzaa mmoja tu. Ana miaka ishirini na tisa na hiki ndicho kitu cha kwanza alichokianza akakimaliza.

Usimwonyeshe Siale barua hii.

Lesieli

—

Neiafu, 20 Januari 2005

Dada Lesieli,

Sanduku limefika. Viatu vya Hulita ni vidogo lakini anavivaa, hataki kukubali. Paa nimeliziba.

Nimesoma yote, sikuruka. Pale pa nguo nilisoma nimesimama.

Nitakuandikia jambo moja, na nikikosa heshima unisamehe, maana sijawahi kukuandikia hivi wala baba yetu asingeniruhusu. Unakumbuka alipozikwa. Kitione alikuwa mdogo, meno ya mbele hana. Ulimkalisha juu ya mikeka iliyo bora kuliko yote, mbele yetu sote tuliobaki chini, akachagua alichotaka. Alichukua ile ngoma ya bati, akachukua shoka langu jipya, akachukua mkeka aliousuka mama wa Hulita akiwa karibu kupofuka. Hakuna aliyekunja uso. Yeye ni fahu wangu. Mtoto wa dada huchukua kwa mjomba bila kuomba, na mjomba hufurahi kuwa ana kitu cha kuchukuliwa. Nilifurahi. Lile shoka sijawahi kulidai na sitalidai.

Hulita anasema huko kwenu Kitione na Siale wanaitwa binamu, kana kwamba ni majirani. Hapa ni kaka na dada, na Siale ni mtoto wangu, na kilicho cha mtoto wangu ni changu. Kwa hiyo kama Kitione amekichukua kile kiti, ni haki yake. Akikalie. Sitasema neno, wala Siale hatasema. Ameshanionyesha kwamba hatasema.

Lakini siku ile ya mazishi alichukua mchana kweupe, watu wote wakiona. Ndiyo heshima ya kuchukua. Hakuna mtu aliyeambiwa kwamba shoka lilipotea kwa sababu Sosaia ni mzembe.

Chukueni, Dada. Ila semeni mmechukua. Usimwache binti yangu aitwe bubu ili mwanao aitwe hodari.

Nimemaliza.

Sosaia

—

Auckland, 1 Machi 2005

Kaka yangu,

Sitakuuliza hali, nitaanza moja kwa moja, kisha mwisho nikibakiza nguvu nitawasalimu.

Barua yako iliponifikia nilikwenda kwa Bi Rutledge hata koti sijavua. Nilimwambia yote, na la kwamba nilijua tangu jioni ileile. Akasema, "Lesieli, kwa nini hukuniambia?" Nikamwambia, "Kwa sababu aliyepata ni wangu." Hakunifukuza kazi. Ningependa angenifukuza.

Siku ya tatu ndiyo wakampigia Siale simu, ile ya posta ulikompeleka, wakamsikiliza yeye peke yake. Najua alikwambia aliongea kidogo. Si kweli, aliongea mpaka mzee mmoja wa jopo akaomba ruhusa ya kwenda msalani. Wakampa nafasi. Na Bi Rutledge, kwa moyo wake ule ule mwema, akasema haki itendeke kwa wote, Kitione naye abaki na chake, ametafuta ufadhili wa pili. Wawili wa ukoo mmoja, darasa moja, mwaka mzima! Alikuja kunieleza anang'aa. Nikatazama sakafu. Kaka, nilimweleza, akaitikia kwa kichwa, na bado hakuelewa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka sana asiwe ameelewa, ili wanangu wote wawili wapate.

Kitione nilipomwambia nimesema, aligonga meza. "Umeniuza, Mama. Kwa ajili ya watu wa kijijini wanaokunywa kava!" Nikamwambia Siale anakuja. Akasema atazoea. Akasema, "Atakaa nyuma, nitakaa mbele, basi, imekwisha." Siale naye, uliposema hataki, ndipo nilipoandika ule ujumbe kwamba shangazi yake ameamuru. Alikuja kwa sababu yangu, si kwa sababu moyo wake ulikuwa tayari.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kwanza. Mimi nilikuwa mlangoni nagawa vitambulisho. Ungeliona darasa hilo ungefurahi. Muuguzi mwenye mvi, askari wawili, mkulima wa kondoo ambaye viatu vyake vilimsaliti, mama mwenye mtoto mgongoni, mtu wa Rarotonga anayejilipia karo mwenyewe na kucheka kabla hujamaliza kumwambia. Kitione alikuwa ameshakaa mbele kabisa, shati jeupe nililompigia pasi mimi.

Siale akaja. Nikampa kitambulisho chake. Akafika mlangoni, akaona kile kisogo, akasimama. Kaka, hakuwa na hasira usoni. Akageuka kwangu akasema taratibu, "Shangazi, nadhani nimekosea chumba." Alikuwa anamsitiri Kitione, mbele yangu mimi mama yake. Akaanza kurudi kwenye korido na mfuko wake ule wa majani aliomsukia Hulita.

Sijui Kitione alisikia sauti yake au alihisi tu. Aligeuka. Alimwona dada yake mgongo, anaondoka kwa mara ya pili. Watu wote walikuwa wanaongea, hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Nilimwona mwanangu akifumba macho. Kisha akasimama, akachukua daftari lake, akapita katikati ya viti kichwa ameinamisha kabisa, kama babu alivyokuwa akipita mbele ya dada zake. Akanipa kitambulisho chake mkononi bila kunitazama. Akatokea mlango wa upande mwingine, wasikutane.

Bi Rutledge akanijia mbio. "Anaumwa?"

Safari hii nilimjibu. "Hapana. Yule ni kaka yake."

Nikamfuata Siale, nikamshika mkono, nikamrudisha ndani. Alilia kidogo kisha akakaa. Alichagua kiti cha karibu na mlango.

Kitione hakurudi nyumbani. Simu hapokei. Rafiki yake wa bandarini anasema yuko salama lakini hataki kuniona. Ninajivunia na ninaumia, vyote pamoja, na nimelia mpaka sauti ya pili wameimba bila mimi. Nilimpa kiti kwa kunyamaza, nikamnyang'anya kwa kusema. Angenisamehe lipi?

Nasalimu wote. Usisahau Hulita abadilishiwe viatu.

Lesieli

—

Neiafu, 16 Machi 2005

Dada,

Nimepata barua yako nikiwa kibandani. Niliisoma mara moja, kisha nikaenda kwenye kava, nikawaambia kwa sauti kubwa nani alitoka chumbani mara ya kwanza, na nani alitoka mara ya pili, na kwa nini. Sikutaja nguo. Hakuna aliyecheka. Wale wakulima wawili wamerudisha vanila yao asubuhi ya pili, imekaushwa vibaya, itabidi nianze upya, nami sijui kazi hiyo.

Hulita ameacha kujidanganya, amempa jirani vile viatu.

Mtafute mpwa wangu. Usipompata wewe atapatikana na Mama Fehi, yule huwapata watu. Usimwambie nimesamehe, maana sikumshtaki. Mwambie mjomba wake ana shoka jingine jipya, na kibanda ambacho hakina mtu, na nguruwe kumi na mmoja.

Mwambie asiandike kuomba. Aje achukue.

Sosaia